Kilele cha Pili: Kisa cha Nanofuwele Zilizojipanga Zenyewe na Mwanga Uliosomwa Vibaya

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya chuo kikuu kimoja barani Ulaya. Jina la chuo, nchi, tarehe na majina ya watu yameondolewa. Wahusika nawataja kwa kazi zao tu. Mtafiti ni mwanafunzi wa uzamivu aliyetengeneza sampuli zote. Mtaalamu wa leza ndiye aliyepima mwanga. Msimamizi ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi. Nimekiandika kwa ajili ya wanafunzi wa fizikia na kemia wanaoanza kushika sampuli zao wenyewe, na nakithamini hasa kwa sababu hakuna aliyefanya uzembe. Kila uamuzi ulikuwa na sababu ya maana, na hata hivyo kwa muda mrefu kikundi kizima kiliamini kwamba kinaona kitu ambacho hakikuwapo.

## Usuli

Nanofuwele ya semikondakta ni chembe yenye upana wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu. Ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno, elektroni hupanda ngazi ya nishati na kuacha tundu nyuma yake. Elektroni na tundu hukaa pamoja kama jozi iitwayo eksitoni, na jozi hiyo inapomalizika hutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga. Rangi hutegemea ukubwa wa chembe: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo mwanga unavyoelekea ubluu. Alexei Ekimov aliliona jambo hili ndani ya kioo, Louis Brus akaliona kwenye chembe zinazoelea katika kimiminika, na mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wakapata njia ya kutengeneza chembe zenye ukubwa unaolingana. Watatu hao walitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Chembe zikilingana vya kutosha, huhitaji kuzipanga kwa mkono. Zikiachwa katika kimiminika kinachokauka polepole, zenyewe husogeleana na kujipanga safu juu ya safu, mpaka unapata fuwele kubwa ambayo kila kitu kilichomo ndani yake nacho ni fuwele. Umbo hilo huitwa superlatisi. Christopher Murray, Cherie Kagan na Bawendi walilionyesha mwaka 1995 kwa nanofuwele za kadimiamu selenidi.

Mwaka 2015 kikundi cha Maksym Kovalenko cha chuo kikuu cha ETH Zurich kilileta nanofuwele za aina nyingine: perovskaiti (fuwele zenye mpangilio maalumu wa atomu) za siziamu, madini ya risasi na halojeni (kundi la elementi kama bromini). Ile yenye bromini, CsPbBr₃, hutoa mwanga wa kijani mkali hata bila kuvikwa ganda la kinga, na umbo lake ni la mchemraba. Michemraba hujipanga kama matofali, uso kwa uso, na udongo unaoshika matofali hayo ni ligandi, yaani minyororo mirefu ya asidi ya oleiki na oleilamini iliyoshikilia kila uso na kuacha nafasi ya nanomita mbili tatu kati ya mchemraba na jirani yake.

Sasa kwa nini watu wanazifukuzia superlatisi hizi? Mwaka 1954 Robert Dicke alionyesha kwa hesabu kwamba watoa mwanga wengi walio karibu na wenye nishati inayolingana wanaweza kuacha kutoa mwanga kila mmoja kivyake, wakautoa kwa pamoja katika pigo fupi ambalo ukali wake hukua kwa mraba wa idadi yao. Wanapoanza bila mpangilio kisha wakapatana wenyewe, jambo hilo huitwa superfluoresensi. Lilionekana mara ya kwanza mwaka 1973 katika gesi ya haidrojeni floridi. Mwaka 2018 watafiti wa Zurich, akiwamo Gabriele Rainò, walichapisha katika jarida la Nature kwamba superlatisi za nanofuwele za perovskaiti zilizopozwa hadi kelvini 6 (karibu nyuzi 267 za Selsiasi chini ya sifuri) zinaonyesha dalili zake: kwenye spektra, yaani mchoro wa nguvu ya mwanga kwa kila rangi, kilele kipya chembamba kilichosogea upande wa wekundu, mng'ao unaofifia haraka zaidi, mawimbi madogo kwenye mkondo wa kufifia, na fotoni zinazowasili kwa mafungu.

Chanzo cha mwanga kinachojiunda chenyewe kutoka kwenye tone la kimiminika, kisha kikatoa mapigo ya pamoja namna hiyo, ni kitu ambacho mtu yeyote wa fani hii angependa kukiona kwa macho yake. Kikundi cha kisa hiki kilitaka kwanza kurudia matokeo hayo, halafu kwenda hatua moja mbele: kuangalia kama kasi ya pigo inabadilika kulingana na ukubwa wa superlatisi.

## Kutoka chupani hadi kwenye silikoni

Mtafiti alitumia njia inayojulikana. Bromidi ya risasi huyeyushwa katika kiyeyushi kiitwacho oktadesini pamoja na ligandi, chupa hupashwa moto hadi kati ya nyuzi 140 na 200 za Selsiasi bila kuruhusu hewa, kisha mchanganyiko wa siziamu huingizwa kwa sindano kwa mkupuo mmoja. Ndani ya sekunde chache chupa huzamishwa kwenye maji ya barafu. Kimiminika hugeuka rangi ya manjano yenye ukijani, na ukikimulika kwa tochi ya urujuanimno chumba kizima hupata mng'ao wa kijani.

Kinachofuata ni kuosha, na hapo ndipo uamuzi wa kwanza ulipofanyika. Ukiosha kidogo, mabaki ya oktadesini na ligandi za ziada hubaki kati ya michemraba na kuizuia isijipange. Ukiosha sana, ligandi zenyewe huondoka. Ligandi za perovskaiti hazijashikilia kwa nguvu; hubanduka na kurudi kila wakati, na kila unapoosha baadhi huenda zisirudi. Mtafiti alijaribu njia mbalimbali na kuchagua kuosha zaidi kidogo kuliko wengine, kwa sababu ndivyo alivyopata superlatisi zenye kingo zilizonyooka. Alichochagulia ni uzuri wa mpangilio, na wakati huo hapakuwa na kigezo kingine cha kuchagulia.

Tone la toluini, kiyeyushi kinachokauka, lenye nanofuwele liliwekwa juu ya kipande cha silikoni ndani ya kisahani chenye mfuniko na kuachwa likauke polepole, mpaka kesho yake. Chini ya hadubini ya kawaida ulikuwa unaona vijiraba vya kijani vyenye upana wa mikromita chache vimetapakaa kwenye silikoni, kila kimoja na pembe zake nne, vingine vimelaliana. Nimeziona picha hizo. Mtu akizitazama huelewa mara moja kwa nini kazi hii huwateka watu.

Hesabu ndogo itatusaidia mbele. Mchemraba wa nanomita 9 pamoja na nafasi ya ligandi huchukua kama nanomita 12. Superlatisi yenye upande wa mikromita 3 ina michemraba 250 kila upande, yaani zaidi ya milioni 15 kwa jumla.

## Kuhifadhi na kupima

Uamuzi wa pili ulihusu mahali pa kuweka vipande hivyo vikisubiri zamu ya kupimwa. Kriostati, chombo cha kupozea kwa heliamu, ilikuwa moja na ilitumiwa na vikundi kadhaa, kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu. Kila anayefanya kazi na perovskaiti anajua kuwa unyevu ni adui yake. Kwa hiyo msimamizi aliagiza vipande vyote viwekwe ndani ya ombwe, kwenye chombo kilichonyonywa hewa muda wote. Ulikuwa uamuzi wa tahadhari, na kwa elimu waliyokuwa nayo siku hiyo ningeukubali bila kusita.

Kabla ya kupozwa, kila kipande kilipimwa kwanza katika joto la kawaida. Spektra ilionyesha kilele kimoja cha kijani, chembamba na safi. Kipande kilichopita mtihani huo kilihesabiwa kuwa kizima.

Walipokipoza hadi karibu kelvini 4, kilele kilisogea upande wa wekundu na kupungua upana, jambo la kawaida kwa CsPbBr₃. Lakini kando yake kilitokea kingine, chini yake kwa makumi ya milielektronivolti (kipimo kidogo cha nishati), chembamba zaidi, na katika vipande vingi kilikuwa na nguvu kuliko kile cha kwanza. Mng'ao wote ulififia haraka kuliko wa nanofuwele zilizotawanyika. Mtaalamu wa leza alipoongeza nguvu ya leza, kasi ya kufifia ikaongezeka.

Kwa ulinganisho walitengeneza sampuli ya nanofuwele zile zile zilizotawanywa ndani ya plastiki ya polistairini, mbali mbali, zisiweze kushirikiana. Hiyo haikuwa na kilele cha pili hata kidogo. Hoja ikawa nyepesi: nanofuwele ni zile zile, tofauti ni mpangilio tu, basi kilele cha pili kimeletwa na mpangilio. Rasimu ya makala ilianza kuandikwa.

## Kipande kilichoitwa kibovu

Siku moja kikundi kingine kilighairi zamu yake. Mtafiti alikuwa na kipande kilichokauka asubuhi hiyo hiyo, akakipeleka moja kwa moja kwenye kriostati bila kupitia chombo cha ombwe. Chini ya hadubini kilikuwa miongoni mwa vizuri kuliko vyote alivyowahi kupata. Kilipopoa, kilele cha pili hakikuwapo. Palikuwa na kibonge kidogo tu pembeni, cha kutafuta kwa jicho la makini.

Kwenye daftari kipande hicho kiliandikwa "hakifai", na sababu iliyotolewa ni kwamba pengine kilioshwa vibaya. Mtaalamu wa leza hakuridhika. Alichofanya ni kitu rahisi mno: alichukua daftari la mtafiti na daftari lake, akachora jedwali lenye safu tatu, yaani tarehe kipande kilipokauka, tarehe kilipopimwa, na ukubwa wa kilele cha pili kikilinganishwa na cha kwanza. Tarehe zote zilikuwapo kwa sababu mtafiti alikuwa na tabia ya kuandika kwenye mfuniko wa kila kisahani siku na saa ya kukauka. Jedwali lilionyesha mwelekeo usiofichika. Vipande vilivyosubiri zaidi ndivyo vilivyokuwa na kilele kikubwa cha pili.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Msimamizi alisema, kwa haki, kwamba huenda superlatisi huendelea kukamilika kadiri mabaki ya toluini yanavyotoka, na hivyo ushirikiano wa nanofuwele huongezeka kwa siku. Maelezo hayo yanalingana na jedwali sawasawa na maelezo ya kwamba sampuli inaharibika. Jedwali peke yake lisingeweza kuamua kati ya mawili hayo.

## Majaribio mawili, na kwa nini moja lilipotosha

Pendekezo la kwanza lilitoka kwa mtafiti: tengeneza utando wa nanofuwele zile zile uliokaushwa haraka, usio na mpangilio, uuweke kwenye ombwe siku zile zile, upime. Ukikosa kilele cha pili, mpangilio ndio chanzo. Ukiwa nacho, ni uchakavu. Walifanya hivyo, na utando ukaonyesha kilele cha pili lakini dhaifu sana. Mtafiti alilisoma jambo hilo kama ushahidi wa nusu kwa upande wake: penye mpangilio kuna mwanga mwingi, pasipo mpangilio kuna kidogo.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na mafunzo zaidi ya kawaida, na naomba msomaji atulie nami kidogo. Perovskaiti hizi ni za ioni, laini, na ioni zake huhama kwa urahisi. Mchemraba uliopoteza baadhi ya ligandi na kukutana uso kwa uso na mwenzake unaweza kuungana naye, wakawa fuwele moja kubwa. Sasa fikiria superlatisi nzuri: nyuso zote zimeelekeana, safu za atomu za mchemraba mmoja zimenyooka na za jirani yake, umbali kati yao ni uleule kila mahali. Mpangilio uliotafutwa kwa ajili ya mwanga wa pamoja ndio huo huo unaorahisisha kuungana. Utando usio na mpangilio, wenye michemraba iliyolala kila upande, huungana polepole zaidi. Kwa hiyo hata kama kilele cha pili ni cha uchakavu mtupu, bado kingekuwa kikubwa kwenye superlatisi kuliko kwenye utando. Jaribio lile halikuwa na uwezo wa kutenganisha hoja hizo mbili, ingawa kila mtu mkutanoni aliona limeundwa vizuri.

Pendekezo la pili lilikuwa la mtaalamu wa leza. Badala ya kulinganisha vitu viwili, fuatilia kimoja. Chukua superlatisi ile ile, iwekee alama kwenye silikoni uweze kuirudia, ipime mwanga wake ikiwa mpya, irudishe kwenye ombwe, ipime tena, na kila mara pima pia mpangilio wa kipande hicho kwa eksirei. Kwa kipimo cha pili walikuwa na bahati ya wakati: mwaka 2019 watafiti wa Italian Institute of Technology mjini Genoa walikuwa wameonyesha kwamba mashine ya kawaida ya eksirei inatosha. Superlatisi iliyopangika vizuri hufanya kilele cha eksirei kigawanyike kuwa vilele vidogo vidogo, na umbali kati yao unakuambia michemraba iko mbali kiasi gani na mwenzake.

Nguvu ya jaribio hili ni kwamba hoja mbili zinatabiri mambo yanayopingana. Mwanga ukitokana na mpangilio, basi vilele vidogo vya eksirei vikififia, kilele cha pili nacho kipungue. Mwanga ukitokana na kuungana, basi kimoja kikishuka kingine kiongezeke.

Vilipishana. Kwanza umbali kati ya michemraba ulipungua, superlatisi ikawa inajikaza. Baadaye vilele vya eksirei vikaanza kupoteza ukali. Na katika siku hizo hizo kilele cha pili cha mwanga kilizidi kukua.

## Uamuzi wa kusimamisha makala

Msimamizi alisimamisha rasimu siku matokeo hayo yalipokamilika. Nilipomuuliza sababu, alisema hakuwa na jibu la kumpa msomaji wa makala atakayeuliza sampuli ilikuwa na umri gani. Mtafiti alibakiwa na muda mfupi wa ufadhili, na kulikuwa na hoja ya kuchapisha kwa tahadhari, kwa maneno ya "huenda". Hoja hiyo ilikataliwa. Nadhani ilikataliwa kwa haki: neno "huenda" katika muhtasari halimzuii mtu wa maabara nyingine kutumia mwaka wake mzima akijenga juu ya matokeo hayo.

Baadaye walipata uthibitisho mwingine. Kikundi hicho cha Genoa, Dmitry Baranov na wenzake, kilichapisha katika jarida la ACS Nano utafiti uliofuatilia jambo hili hili kwa undani: superlatisi za CsPbBr₃ zikikaa ndani ya ombwe kwa siku kadhaa hujikaza kisha michemraba huungana, na katika kelvini 4 hutokea kilele chembamba chenye nishati ndogo pamoja na mng'ao unaofifia haraka. Zikiachwa hewani, chembe kubwa za CsPbBr₃ huota juu yake, na chembe hizo zinaweza kuonyesha hata mkondo wa kufifia wenye mawimbi unaobadilika kwa nguvu ya leza. Dalili kadhaa ambazo mtu angezitia alama moja baada ya nyingine kwenye orodha ya superfluoresensi zinaweza kuletwa na sampuli iliyozeeka.

## Matokeo

Makala ya kwanza haikupelekwa popote. Takwimu zake ziligeuka sura moja ya tasnifu ya mtafiti kuhusu uchakavu wa superlatisi, na tasnifu ilipita. Maabara ilibadili utaratibu: kipande hupozwa siku hiyo hiyo kinapokauka, na kriostati hujazwa gesi ya heliamu mapema ili kipande kisikae katika ombwe kikiwa bado na joto la chumba. Kilichobaki huwekwa kwenye baridi, na hakuna spektra inayoingia kwenye kompyuta ya pamoja bila umri wa sampuli kwa saa.

Gharama nayo ilikuwapo. Swali la awali, la ukubwa wa superlatisi na kasi ya pigo, halikujibiwa na mtafiti huyu. Lilihamia kwa mwanafunzi aliyemfuata.

## Uchambuzi

Kwanza, kwa nini kipimo cha joto la kawaida hakikuwaonya? Jibu limo kwenye nishati. Katika joto la chumba, mtikisiko wa joto una nishati ya karibu milielektronivolti 25. Tofauti kati ya nanofuwele na sehemu zilizoungana ni makumi tu ya milielektronivolti, kwa hiyo eksitoni iliyotumbukia kwenye sehemu iliyoungana inaweza kupanda tena na kutoka, na vilele viwili vipana hufunikana kuwa kimoja. Katika kelvini 4 mtikisiko huo unabaki chini ya nusu ya milielektronivolti moja. Eksitoni ikitumbukia, haitoki. Nishati huruka kutoka mchemraba hadi mchemraba mpaka ifike mahali pa chini kabisa, na hapo ndipo inapotoa mwanga. Asilimia ndogo sana ya michemraba iliyoungana, kati ya ile milioni 15, inatosha kukusanya sehemu kubwa ya mwanga wote. Mtihani waliouamini ulifanyika katika hali ambayo kasoro haiwezi kuonekana.

Sababu hiyo hiyo inaeleza kasi ya kufifia. Mchemraba unaompa jirani nishati yake hukoma kung'aa mapema, kwa hiyo kilele cha kwanza hufifia haraka bila ushirikiano wowote wa aina aliyoueleza Dicke. Mtu akipima kufifia kwa mwanga wote kwa pamoja, bila kutenganisha vilele, atapata namba inayopendeza na hatajua inatoka wapi.

Hadubini ya elektroni nayo haikusaidia mwanzoni, na sioni cha kuilaumu. Inaonyesha mamia ya michemraba kwa wakati mmoja, tena kwenye kingo nyembamba, na mwale wake wenyewe huumiza perovskaiti. Kutafuta muungano mmoja hapa na pale kwa njia hiyo ni kazi ya kubahatisha. Picha za maana zilipatikana baadaye, kwenye vipande vya zamani sana, ambako tayari palikuwa na chembe ndefu zilizozidi upana wa mchemraba mmoja mara mbili na tatu.

Sampuli ya polistairini ndiyo naiona kuwa kiini cha tatizo. Ilikuwa na nanofuwele zile zile na ilipimwa kwa leza ile ile, lakini haikuishi maisha ya superlatisi. Plastiki iliizuia michemraba isisogeleane, na ombwe halikuweza kunyonya ligandi kwa namna ile ile. Ilitofautiana na superlatisi kwa mambo mawili kwa wakati mmoja, mpangilio na historia, na kikundi kilihesabu moja tu. Utando usio na mpangilio ulisahihisha historia, ukaacha kosa la ndani zaidi: kwamba kasi ya kuzeeka yenyewe inategemea mpangilio. Ndiyo maana nasisitiza kwa wanafunzi wangu kwamba katika vitu vinavyojipanga vyenyewe, sampuli ya kuaminika ya kulinganisha mara nyingi ni ile ile, jana yake.

Kilichofanya kazi ni vitu vidogo. Tarehe na saa kwenye mfuniko wa kisahani. Mtaalamu wa leza ambaye jina lake kwenye makala halikutegemea kilele hicho kuwapo. Na msimamizi aliyekubali kusikiliza hoja dhidi ya matokeo aliyoyatamani. Kinyume chake, jina walilolipa kipande kipya, "hakifai", lilikuwa na madhara makubwa kuliko kosa lolote la kemia. Walikuwa wanajua kilele kinachotarajiwa kutoka kwenye machapisho, kwa hiyo kipande chenye kilele kiliitwa kizuri, kisichokuwa nacho kikaitwa kibovu, na uchujaji huo ukiendelea kwa muda mrefu hutengeneza matokeo yasiyo na upinzani. Ingekuwa kipande kile kilitupwa, kama ilivyokuwa desturi ya vile vilivyoandikwa hivyo, jedwali lingekosa nukta yake ya muhimu.

Je, kisa hiki kinaangusha madai ya 2018? Hapana, na itakuwa kuwaonea watafiti wa Zurich mtu akisoma hivyo. Madai yao hayakusimama juu ya kilele na kasi ya kufifia peke yake. Walipima pia namna fotoni zinavyowasili, na kuwasili kwa mafungu ni jambo ambalo uhamisho wa kawaida wa nishati kwenda kwenye chembe kubwa haulielezi kirahisi. Kinachosemwa na kisa hiki ni kuhusu maabara zinazokuja nyuma: ukiwa na kilele na kufifia tu, hujafika.

Mwanafunzi aliyepokea kazi ameanzia hapo. Katika baadhi ya superlatisi mpya kabisa, zilizopozwa ndani ya saa chache baada ya kukauka, kile kibonge kidogo pembeni mwa kilele cha kwanza bado kipo. Kinaweza kuwa michemraba michache iliyoungana wakati toluini inakauka, kabla mtu hajagusa chochote. Kinaweza pia kuwa ndicho walichokuwa wanakitafuta tangu mwanzo. Kifaa cha kupima mafungu ya fotoni kimeshafungwa kwenye meza ya leza, na safari hii umri wa kipande umeandikwa juu ya kila grafu.